Saa Moja na Nusu, Tainan

Jioni ya kwanza nilisikia kinanda mtaani,
nikateremka mbio toka ghorofa ya nne, sarafu mkononi,
nikidhani ni muuza aiskrimu.
Kumbe! Likakata kona gari la manjano,
mdomo wazi kwa nyuma, linatafuna taka.
Bwana Shieh wa duka la tairi alinitazama,
akaitazama sarafu,
akacheka hadi akashika nguzo.

Hivyo ndivyo nilivyoingia mjini.
Si kwa uwanja wa ndege, ule haukunijua,
wala kwa treni iliyopita kimya kama mtu aliyenuna,
bali kwa mfuko wa maganda.

Hapa taka hailali nje.
Unaibeba mwenyewe, unaungoja muziki,
unaitupa kwa mkono wako mbele ya majirani,
nao wanaona ulichokula wiki hii
na kama ulikila peke yako.

Jumatano gari haliji. Jumapili haliji.
Siku hizo mtaa unakaa na siri zake
na papai linachacha chini ya sinki langu.

Bi Tseng hushuka mapema, makombo ya wali kwa ndoo ya nguruwe.
Kijana wa ghorofa ya pili huviringishia chupa zake taulo,
zisimseme.
Na Wartini, mtu wa Indramayu,
anasukuma kiti cha magurudumu cha Amah,
ajuza wa miaka tisini na mmoja,
soksi moja nyekundu, moja ya kijani.

Siku moja mvua ilitubana kwenye kibaraza kimoja.
Lugha hatukuwa nayo. Kichina changu kiliishia kwenye bei,
chake kilianzia kwenye dawa.
Mfuko wangu ukapasuka, kikadondoka kipande.
Sabun, akasema.
Sabuni, nikasema.
Tukatazamana kama watu waliogundua
kwamba wana shangazi mmoja.

Meja. Meza.
Waktu. Wakati.
Umur, umri, kertas, karatasi,
bendera,
bendera!
Gari lilikuja likaondoka, mifuko bado miguuni petu.
Dunia, alisema, akichora duara hewani kwa kidole.
Nikamwambia hilo halikuhitaji kuvuka, lilikuwa pande zote.
Hakuelewa. Alicheka kwa kuwa nilicheka.
Amah akagonga mkono wa kiti: naye apewe lake.
Tukampa sabuni.
Alilitafuna usiku kucha, Wartini aliniambia kesho yake,
kwa ufizi mtupu.

Tangu hapo nilinunua machungwa kwa makusudi.
Taka yangu nikaigawa mafungu, kidogo leo, kidogo kesho,
nisije nikakosa sababu ya kushuka.

Ijumaa moja ya Novemba
Wartini alishuka bila kiti.
Mifuko mitatu. Mmoja ulikuwa laini, mwepesi,
na kwenye plastiki yake kulionekana wekundu, kulionekana kijani.
Bwana Shieh alivua kofia.
Bi Tseng alimpokea miwili,
ule mwepesi hakuuachia.

Nilitafuta neno ambalo ni letu sote.
Nikapekua: meza, karatasi, bendera, wakati.
Nikafika umri, nikarudi.
Sabar, akasema yeye, akinishika kiwiko,
kana kwamba aliyefiwa ni mimi.
Subira, nikaitikia, kwa sauti ya mwanafunzi.
Kinanda kiliendelea kupiga vilevile,
chepesi, cha furaha, hakikuambiwa.

Wiki iliyofuata wakala alimpeleka Hualien, kwa bibi mwingine.

Siku hizi nakaa Osaka.
Taka huondoka asubuhi, hamuonani.
Juzi, kwenye foleni ya benki, simu ya mtu ililia kwa kinanda kile kile.
Nilipojitambua nilikuwa nimeshafika mlangoni,
namba yangu imeshaitwa,
mkono wa kulia umefumbwa,
unatafuta mfuko.