Mstari wa Nne

Nilimwambia Kundaeli: nitumie ufunguo wako
nikuweke kwenye orodha, uingie kwenye seva
ukiwa hukohuko Himo, kwenye mizani ya kahawa.
Hazikupita dakika mbili, wasapu ikalia.
Kaleta yote miwili, wa wazi na wa siri,
kama mtu aliyeombwa kitambulisho
akavua na shati.

Kijana, nilikuomba kufuli.
Kufuli mpe yeyote: mimi, mlinzi wa getini,
muuza karanga wa stendi. Libandike ukutani Mbuyuni.
Litafunga tu, halifungui.
Ulionitumia ni ule mwingine,
usiotoka nje ya mashine ulimozaliwa.

"Lakini nimekutumia wewe tu, dada Ndeonasia."
Ndiyo. Mimi tu. Na simu yangu,
anayochezea gemu mwanangu.
Na simu yako. Na fundi wa Kiusa aliyekubadilishia kioo juzi.
Siri ya mtungi aijuaye ni kata,
na kata, Kundaeli, hupita mikononi mwa wote wenye kiu.

Ufute. Tengeneza mwingine.

Akatengeneza. Saa tatu usiku ananipigia,
mvua inapiga bati la Pasua hata simsikii:
mashine imemkatalia.
Inasemaje?
Akasoma polepole, kama anayesoma barua ya mahakama:
faili la ufunguo liko wazi mno,
wengine wanaweza kulisoma, siutumii.
Nikacheka peke yangu jikoni.
Mashine haina ukoo, haikufundwa na shangazi,
na bado inaona haya kwa niaba yetu.
Sita, sifuri, sifuri. Andika hivyo.
Yaani mwenyewe asome, mwenyewe aandike,
wengine wote, hata wa nyumba moja, sifuri.

Akaingia.

Nisijifanye mtakatifu.
Wangu una miaka tisa. Ulizaliwa
kwenye laptopu iliyokufa kwa chai ya maziwa,
ukahamia kwenye flashi, flashi ikahamia
kwenye kopo la mama, kule Kibosho,
pamoja na vifungo na risiti za mbolea.
Ufunguo wa nyumba haumo humo.
Huo uko chini ya jiwe, penye masale,
kijiji kizima kinajua,
na mama hajaibiwa hata jembe.
Lakini wanaopita pale mama anawajua kwa kikohozi.
Kwenye seva yangu usiku hupita elfu tatu,
kila mmoja anajaribu kitasa,
na sijui hata mmoja wao anakohoaje.

Kwa kuwa usingizi ulishakwenda,
nikafungua faili lenye kufuli zetu. Mistari mitano.
Wa kwanza wangu.
Wa pili wa Aminieli, aliyehamia Dodoma mwaka juzi.
Tulimwaga kwa pilau na soda,
tukamdai kitambulisho, ufunguo wa stoo,
hata mwavuli wa chama. Huu hatukuukumbuka.
Nikaufuta. Samahani, Aminieli.
Wa tatu ni wa ile mashine inayonakili hesabu kila alfajiri.
Wa tano wa Kundaeli, bado mbichi.

Wa nne hauna jina.
Herufi ndefu, zimeshonana, kisha nafasi tupu
pale ambapo mtu huandika yeye ni nani.

Kila nyumba ina ufunguo mdogo kwenye pete,
hakuna ajuaye unafungua nini
na hakuna anayeutupa.
Huu ni kinyume chake: kufuli iko kwangu,
ufunguo uko mahali, na mtu.

Nikaweka kidole juu ya kitufe.
Je, kama ni mizani ya Mwika?
Kesho mnada.

Mvua ilikuwa imekatika.
Nje, gizani, mtu akapita barabarani,
akakohoa.