Busu za Deni

Jana mwasho tu, pembeni mwa mdomo.
Leo Shaame kaamka na malengelenge manne
yamesongamana kama watoto chuoni,
na homa iliyomlaza jamvini kutwa.

"Mende kamlamba," akasema Bi Mize,
"kalala na kashata mdomoni."
Akainuka kutafuta mafuta ya makonyo.
Mimi wa ndani ya arubaini, nisiyetakiwa kukimbia,
nilikimbia.
La, mama. Pale pameshaungua penyewe.

Nikafunga kichanga kifuani, tukenda Konde.
Muuguzi akamulika tochi, akanawa mikono, akasema:
si mende, ni kijidudu. Kikishaingia hakihami,
hulala, kikaamka siku ya homa au ya jua kali.
Mpe maji, funda kwa funda, na uji uliopoa.
Dawa ya homa kwa kipimo cha uzito wake.
Mafuta ya mgando kwa pamba, si kwa kidole.
Asichune. Asifikiche macho.
Kikombe chake, taulo lake.
Kisha akatazama kitambaa kifuani mwangu:
"Na huyu asimbusu. Hata mara moja.
Kwa kaka mtu ni kero.
Kwa wa siku kumi na nane si jambo la mchezo."

Hapo ndipo Shaame alipolia.
Homa haikumliza. Ndimu ya urojo haikumliza.

Basi akakaa kizingitini,
kikombe cha bati cha buluu magotini,
anamtazama nduguye kama duka lililofungwa.
Kila hamu ikimjia, huokota karafuu moja
jamvini mwa Bi Mize, huitia koponi.
"Deni hilo," ananambia. "Nitamlipa."

Gamba likaja, kahawia, gumu,
likapasuka alipocheka,
tukaanza upya kungoja.
Bi Mize, yule yule wa makonyo, kawa askari:
"Mkono huo!" "Rudi mlangoni!"
Usiku namsikia akinong'ona na mende jikoni,
sijui anawaomba radhi.

Siku ya kumi na mbili gamba halipo.
Hatukuliona lilipoangukia.
Nikamnawisha, akaja na kopo lake.
Ya kwanza kalipa unyayoni, ya pili gotini,
ya tatu mtoto akapiga chafya.

Zimebaki arubaini na moja.
Bi Mize anazidai, zimepungua kwenye pishi yake.
Shaame kalifumbata kopo:
"Hizi haziuzwi, bibi.
Zina mwenyewe, kalala."