Chipukizi

Fomu inaniita mtafiti chipukizi.
Nina miaka thelathini na tisa,
mvi tatu juu ya sikio la kushoto,
uzamivu uliotimiza mwaka wa nne,
na goti linalojua mvua kabla ya redio.
Chipukizi.
Mama yangu kule Uru akilisikia neno hilo
atakwenda kuchukua panga.

Maana kwetu chipukizi ni mwana wa mgomba
anayechungulia kando ya mamaye,
na ukitaka azae
humwachi hapo akinyonya kivuli:
unamkata na kipande cha tunguu, na udongo wake,
unampeleka shimo la mbali lenye samadi.
Mara anashika.
Mara unaamka unakuta fuko ameshakula.

Ufadhili wa safari: nauli, malazi ya siku tano,
mkutano wa wanaosoma maji ya milimani,
katika mji ambao jina lake
bado nalinakili herufi moja moja.
Mimi nasoma mfongo,
ule uliochimbwa na watu wasioacha hata sahihi,
wakaupitisha ubavuni mwa mlima kwa kipimo cha macho,
maji yakafika kila shamba kwa zamu,
na mwizi wa zamu akatozwa debe la mbege.
"Eleza umuhimu wa utafiti wako kwa maneno mia mbili."
Debe la mbege peke yake lilikula arobaini.

Mwisho wa kutuma: saa sita usiku, saa za huko.
Huku ni saa nane.
Nikajikuta na masaa mawili ambayo Ulaya haikuyakusudia,
na saa saba na robo umeme ukayachukua.
Nilimalizia kwenye simu, nimekaa sakafuni,
bando likikauka kama mfongo wa Februari.

Nimepata.
"Tunayo furaha," ilianza barua,
nikapiga ukelele jikoni, mwanangu akadhani nyoka.
Nikasoma tena, taratibu:
gharama zote zitarejeshwa
baada ya safari, kwa kuonyesha risiti.
Yaani anayeomba nauli
kwanza awe nayo.
Kikoba cha akina mama wa Mbuyuni
kilinijadili nusu saa, kati ya dagaa na nyanya,
kikanikopesha.
Kiliuliza swali moja tu: lini?

Ubalozi una maswali mengi zaidi.
Lete uthibitisho kwamba utarudi.
Hati ya shamba, wanapendekeza, au ya nyumba.
Shamba lipo.
Lakini kihamba ni cha kitinda mimba, Aminieli,
aliyeondoka mwaka wa msiba wa baba
na sasa hurudi kwa video, kila Desemba,
akiulizia kama parachichi zimekomaa.
Mimi ninayepalilia,
ninayejua jiwe lipi la mfongo hucheza ukilikanyaga,
sina karatasi.
Kitovu changu kimezikwa palepale, chini ya mgomba.
Kitovu hakiskaniwi.

Vingine vyote Ndekirwa ameviskani,
Ndekirwa wa steshenari mkabala na stendi:
cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, cha talaka,
barua ya mkuu wa idara iliyokosea jina langu,
taarifa ya benki yenye salio la kuona haya.
Kurasa ishirini na tatu, mia tano kila moja.
Juu ya bati la duka lake mlima ulikuwa umejifunika
kama mtu asiyetaka kuombwa udhamini.

"Elfu kumi na moja na mia tano."
Nilikuwa na elfu tisa.
Akavuta daftari la madeni,
akaandika jina langu bila udaktari wake,
kiasi, tarehe,
akanitazama kwa juu ya miwani:
"Utarudi?"

Nikamwomba anitolee nakala
ya ukurasa huo.