Ubini

Dirisha la nne, hospitali ya Nizwa, saa mbili na robo.
Kiyoyozi kinakohoa. Namba thelathini na saba:
mzungu mrefu, mwalimu wa chuo, shati limelowa mgongoni,
anataka cheti cha kipimo cha damu.
Naliandika jina lake kwa Kiarabu,
alif, shin, waw, ya, lam,
na kompyuta inamsoma Ashwili.
Ashwell, anasema, lakini nimezoea.

Foleni ilikuwa fupi. Wadi zilikuwa zimefunga barabara.
Akanieleza kwamba jina lake ni mahali:
chemchemi, na juu yake miti
ambayo sisi hatuna jina lake wala kivuli chake.
Kuna mtu alitoka pale zamani,
akafika mji wa watu, akaulizwa, wewe wa wapi?
Akajibu. Jibu likamganda.
Waliobaki hawakuitwa hivyo;
nani atamwita jirani kwa udongo wanaoukanyaga wote?
Jina la kwenu huvaa ukishaondoka.

Umefika huko? nikamwuliza.
Hajafika. Baba yake hakufika. Yeye kazaliwa Durban.
Mwenye jina lake mmoja anauza matairi Perth,
mwingine yuko Toronto, alimwandikia barua, hakujibiwa.

Nilicheka mpaka mlinzi akageuka,
kwa sababu kadi iliyoning'inia kifuani mwangu inasema
Thuwaiba bint Suweid As-Sidri,
na Sidra ni kijiji nyuma ya mlima ule pale,
nyumba tisa za udongo zisizo na dari,
na mimi nimekwenda mara moja tu, nikapiga picha, nikarudi na jua.

Babu alitoka Sidra na kikapu cha tende,
akashukia Wete, akafungua duka la mafuta ya taa.
Kule hawakusema Sidri. Walisema Mmanga.
Tulipokuja huku, masanduku manne na cherehani ya bibi,
hawakusema Sidri. Walisema Mzanzibari.
Jina lilikaa kwenye makaratasi tu,
kama sahani ya wageni, kabatini.

Ubini, kwa lugha yetu, ni jina la ukoo.
Na kubini ni kughushi: saini, noti, cheti.
Sijui nani aliyaweka maneno haya nyumba moja
asiyatie hata pazia katikati.

Maana tuhesabu. Kina Sidri wako Tabora, wana mashine ya kusaga.
Wako Bujumbura, Ajman. Zamzam anaendesha basi Cardiff.
Wilaya hii nzima tumebaki mimi, kaka yangu,
na Bakhiti wa Sumail, ambaye si damu yetu.
Alikuwa mtu wa kazi katika mitende ya wengine,
na mwaka walipoandikisha watu, karani alikuta nafasi tupu
akamwuliza, unalala wapi? Sidra.
Basi. Kalamu ikamzaa.

Shangazi yangu, akilisikia jina hilo kwake, husonya.
Lakini kila mwezi ni Bakhiti anayepanda na koleo,
anazoa mchanga kwenye mfereji wa falaji uliokauka,
anabeba madumu mawili ya maji kwa mkunazi mmoja uliobaki,
na bibi alipofariki hapa Nizwa, usiku, wa ghafla,
majani tuliyomwoshea
aliyaleta yeye, ndani ya mfuko wa mchele,
yangali na umande.

Nikamtazama Bwana Ashwell.
Nikaifuta alif.
Nikaandika ain,
herufi ambayo kwa Kiarabu ni jicho,
na pia ni chemchemi.
Pasipoti yake haisemi hivyo. Hakuna pasipoti inayosema hivyo.
Nikagonga muhuri.
Namba thelathini na nane.