Foleni ya Duka la Mikate

Siku ya kwanza Bi Vlčková hakuwasha kompyuta hata moja.
Alitutoa nje, Brno, Januari, theluji ikitutafuna masikio,
akatupanga ng'ambo ya duka la mikate,
kila mtu na saa yake, daftari lake.
"Andikeni anayeingia. Andikeni anayetoka.
Mengine porojo."

Tulikuwa sita: Zbyněk wa reli,
Květa wa hospitali ya watoto,
wawili wa benki waliofunga tai za rangi moja,
bwana mmoja wa kodi ambaye hakusema neno wiki nzima,
na mimi, niliyeletwa kwa sababu seva zetu zilianguka
siku ya kuuza tiketi za hoki,
na lazima apatikane wa kuadhibiwa.

Muuzaji mmoja. Dakika mbili kwa mteja, wastani.
Akishughulika nusu ya muda wake,
utatoka na mkate wako baada ya dakika nne.
Robo tatu: dakika nane.
Tisini kwa mia: ishirini.
Tisini na tano: arobaini, na vidole huvihisi tena.
Hakuna aliyekosea. Hakuna mvivu.
Mama yule yule, mikono ile ile, unga ule ule.

Darasani akauchora kwa chaki:
mstari umelala kama paka jikoni,
umelala, umelala,
kisha unakurupuka.
Chaki ikamaliza ubao, ikapanda ukutani,
na pale ukutani tukaona mikwaruzo ya zamani,
ya madarasa yaliyotutangulia,
yote ikielekea dari.

Zbyněk akajitapa: mashine zetu, tisini na nane kwa mia,
wakubwa wanafurahi, hela haijalala.
Bi Vlčková akamtazama kwa huruma.
"Mtungi uliojaa pomoni, mwanangu,
ubebe uone nani atalowa."

Siku ya tatu ilikuwa majedwali.
Diski, kumbukumbu, kilele cha saa nne asubuhi.
Nilisinzia. Sioni haya kusema.

Siku ya nne, bila kuulizwa, akiwa anafuta ubao,
alituambia habari za ofisi ya pensheni.
Kazi iliongezeka kidogo kila mwezi, haba na haba,
naye alijua kibaba kitajaa mwezi gani.
Aliandika ripoti. Mkubwa wake akaweka kikombe cha kahawa juu yake.
Usiku wa malipo mashine haikuzimika.
Laiti ingezimika! Mtu angepigiwa simu.
Ilikwenda tu. Ikawa inakwenda.
Kulipokucha ilikuwa bado kwenye herufi K,
na nje ya posta wazee walikuwa wamesimama kwenye barafu,
baba yake mmojawapo, kofia mkononi.
Jioni mzee alimwambia,
"Hawa wa posta siku hizi hawana haraka,"
naye bintiye akampakulia supu.
Akaendelea kufuta ubao uliokwisha kuwa safi.

Mtihani ulikuwa swali moja:
Jumamosi, saa nne asubuhi, foleni itakuwa na watu wangapi?
Tulikesha na hesabu zetu.
Květa alisema kumi na moja. Benki, kumi na nne, kwa sauti moja.
Mimi kumi na mbili na nusu, nikaona fahari kwa ile nusu.

Jumamosi, saa nne: watu watatu.
Nyuma ya kaunta, kando ya mama yetu,
kijana amefunga aproni mpya, anahesabu chenji.
Mkwe wake. Ameajiriwa tangu Jumatano.
Mlangoni tangazo lilikuwa limebandikwa wiki nzima.

"Mmewapima wote," alisema Bi Vlčková,
akipiga miguu chini kutoa theluji,
"hakuna aliyeulizwa."

Nikanunua andazi la mbegu za mpopi. Dakika moja na ushee.
Nikasogea pembeni, nikampigia Bohdan wa tiketi,
mtu ambaye miaka miwili tunapeana salamu za lifti tu.
Tiketi za fainali mnaanza kuuza lini?

"Keshokutwa," akasema. "Kwani hamkuambiwa?"