Maji ya Plasta

Barua imefika Kitangari siku ya mnada,
watu wote wako ghalani,
ikafunguliwa juu ya gunia la korosho.
Ndani: picha moja, fomu moja, namba 417.

Uso wa plasta, mweupe kama muhogo uliomenywa.
Ndonya imo mdomoni. Macho yamefumbwa.
Chini wameandika: Mwanamke, Mmakonde. Amelala.

Mama hakutafuta miwani.
Alipitisha kidole kwenye paji la uso,
chale ya kwanza, ya pili,
akasimama pale ya tatu inapopinda.
"Hapa alipiga chafya," akasema.
"Shangazi yake kashika kijembe, naye akapiga chafya."

Nantende, basi. Bibi yake mama.

Wala hakulala. Walimfumba macho plasta isiingie,
wakamtia mabua mawili puani apumue
huku uso wake ukigeuka jiwe.
Na maji ya kukorogea
alikuwa ameyateka mwenyewe,
bondeni kabisa, alfajiri, akapanda nayo mtungi kichwani,
maana huku juu hakukuwa na kisima
na mgeni alitaka maji masafi.
Alidhani anataka kunywa.

Fomu inauliza: Uhusiano wako na kifaa.

Nimejaza fomu nyingi, za stakabadhi, za mgao wa salfa,
sijawahi kukaa na kalamu namna hii.
Miaka mia na zaidi
watoto wa shule wamepangwa mbele yake,
mikono nyuma, msiguse,
mwalimu akiuonyesha mdomo kwa fimbo,
kila mmoja akarudi kwao kutusimulia.
Hakuna aliyeambiwa habari ya chafya.

Naandika: Kifaa kilizaa watoto sita.
Wa nne ndiye baba wa mama yangu.
Kifaa kiliogopa radi.
Kilikopa chumvi kwa jirani mwaka wa njaa
na kikailipa, kibaba kwa kibaba,
mama alitumwa kuipeleka.

Nje wanatangaza bei. Watu wanazomea.
Mama anauliza kama nimemaliza.
Nafasi imekwisha, namwambia,
wametoa mistari miwili tu.

"Geuza karatasi," anasema.
"Andika: maji, mtungi mmoja.
Hamjalipa."