Jibu kwa Aliyeniuliza Kama Dodoma Kuna Ziwa

Lipo, Tusekile. Ila si kila mwaka.

Ukishuka Bahi usiulize ziwa, watakucheka.
Uliza Ilambo, kwa Foibe mpika chumvi.
Watakuonesha njia kwa kidevu,
mikono ina madumu.

Utapita mabua ya uwele uliokwisha kuvunwa,
utapita pampu ya kisima, mpini umefungwa kamba ya viatu,
na tembe tatu zenye mbuzi juu ya paa.
Ukisikia "Mbukwenyi", itikia, hata kama humwoni aliyesema.
Kisha ardhi itaacha wekundu wake,
itakuwa kijivu, itakuwa nyeupe,
na midomo itakupasuka kabla hujaona kitu.
Umefika. Hapo uliposimama ndipo ziwani.

Mwaka wa jua wavulana huchezea mpira katikati yake.
Goli la kusini ni mafiga ya Damari Chedego,
aliyejenga pale kwa kuamini,
maji yakamtoa usiku
na kuku wawili, na mtoto mgongoni.
Sasa golikipa anasimama jikoni kwake.
Damari akipita na kuni hasemi mengi:
"Hapo unapotemea mate, hapo palikuwa na sufuria."

Foibe anakwangua udongo mweupe,
anauchuja kwenye chungu kilichotoboka,
anachemsha mpaka macho yanavimba.
Chumvi yake ina rangi ya jino.
Mlenda usiotiwa chumvi hiyo
baba yangu husema umepikwa na mgeni.

Mtumbwi wetu ni mmoja. Kaka yangu Sakalani aliuchonga
mwaka ambao hapakuwa na tone,
watu wakaja na vigoda kumtazama mwendawazimu.
Wakati wa kiangazi ndama hunywea humo.
Ukingo mmoja wameulamba
hadi umekuwa laini kama sikio.

Halafu mvua inanyesha Kondoa. Si kwetu. Kondoa.
Kwetu anga tupu, kavu kama ngoma,
na maji yanakuja,
yanatambaa usiku, hayapigi hodi,
yanasukuma mbele yao mavi ya mbuzi na nge na povu.
Alfajiri goli la kusini halipo,
na ndama wamesimama kwa mstari
wakishangaa hori lao linaelea.

Ndipo baba na Sakalani huacha kusemezana.
"Sisi watu wa ng'ombe," anasema baba,
"hatuli kitu kisicho na kwato."
Usiku anakula kambale, ameelekea ukutani.

Na huyo kambale, Tusekile,
watoto huambiwa alidondoka na mvua.
Uongo.
Alikuwa chini, ndani ya tope, amejikunja,
msimu mzima tumecheza mpira juu ya mgongo wake.

Ziwa la kwenu Matema linajua anwani yake.
La kwetu linahama na kurudi,
na kila likirudi linalala mahali pengine.
Karani wa sensa alimuuliza Damari:
"Nyumba yako iko upande gani wa ziwa?"
Damari akamuuliza:
"Mwezi gani?"
Yule kijana aliandika, akafuta, akaandika.
Sijui tuko wapi kwenye karatasi yake.

Sikukujibu siku ile pale wodini, tulikuwa na wagonjwa,
na ulicheka, na mimi pia nilicheka.
Lakini jana Sakalani alipiga simu.
Hakusema maji yamefika.
Alisema tu, ng'ombe wamegoma kunywa,
hori limeondoka.
Nyuma ya sauti yake niliwasikia wavulana
wakigombana, nani aliacha mpira kule nje.

Njoo basi. Beba viatu vya aina mbili.